Sinywi mvinyo, lakini nauhudumia: nitaujuaje?

"Assalamu alaykum Bibi. Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Pemba, Wete. Nafanya kazi kwenye hoteli moja pwani ya mashariki hapa Unguja. Nilikuwa nahudumia chai ya asubuhi, sasa nimehamishiwa mkahawa wa usiku na meneja anataka niujue mvinyo. Mimi ni Mwislamu, sinywi wala sitaki kunywa. Menyu yetu imeandikwa matunda meusi, vanila, pilipili manga, ngozi. Mimi nikinusa nasikia siki na pombe tu. Mwenzangu ananambia asiyekunywa hawezi kuujua mvinyo, kwa sababu ulimi wake haujazoea. Mwengine ananambia nionje niteme, kutema si kunywa. Tena tangu nilipopata mafua makali miezi minne iliyopita harufu hazinifikii kama zamani, hata udi nausikia kwa mbali. Juzi mgeni alirudisha chupa akasema imeharibika, nikabaki nimesimama sijui la kusema. Mgeni mwengine alilalamika mvinyo mwekundu una moto, na sisi tumefundishwa kwamba mwekundu hauwekwi kwenye friji. Nifanye nini? Au niache kazi?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeniuliza mengi kwa pumzi moja, na chini yake nasikia hofu moja: kwamba kuna mlango waliofunguliwa wenzako kwa kuwa wanakunywa, na wewe umefungiwa nje. Naanza na hapo, maana hofu hiyo ndiyo iliyokufikisha kwenye kufikiria kuacha kazi, na haina msingi.

Kwanza umjue unayezungumza naye. Mimi ni Mkristo, mtoto wa Mkunazini, na harufu ya divai niliisikia kanisani kabla sijajua kusoma. Kwangu mimi si haramu. Miaka yangu mingi imepita nikifundisha wahudumu wa mahoteli hapa kisiwani, na wengi wao walikuwa Waislamu kama wewe, wengine hawajagusa hata tone. Miongoni mwao wamo waliokuja kuwa na pua kali kuliko yangu. Sikwambii haya kukupa moyo tu, nimeyaona.

Mwenzako anasema ulimi wako haujazoea. Ulimi, mwanangu, ni mjumbe mwenye maneno matano. Anajua tamu, chumvi, uchachu na uchungu, na la tano ni ule utamu mzito wa supu ya pweza iliyochemka mpaka ikakolea. Baada ya hapo amemaliza. Huenda skuli ulioneshwa ile picha ya ulimi uliogawanywa mitaa, utamu mbele, uchungu nyuma. Picha ile chanzo chake ni andiko la Mjerumani mmoja, Hänig, la mwaka 1901. Yeye alipima tofauti ndogo sana, waliokuja baada yake wakazichora kama mipaka ya wilaya. Weka tone la ndimu kwenye ncha ya ulimi uone kama hutousikia uchachu hapo hapo. Na iliki, embe, waridi, moshi, karafuu, vyote hivyo haviko ulimini hata kidogo. Viko puani.

Usinisadiki kwa maneno, jaribu leo. Chukua kipande cha halua, bana pua kwa vidole, kisha tia mdomoni utafune. Utasikia tamu na kile kinato chake, hakuna zaidi. Ingekuwa halua ya Wete au ya Mji Mkongwe, usingetofautisha. Sasa achia pua. Iliki na kungumanga vitapanda kwa ghafla kama mtu aliyefungua dirisha. Kuna njia nyuma ya koo inayopanda mpaka puani, na ukitafuna pumzi huibeba harufu kwa njia hiyo. Hicho tunachokiita ladha, sehemu yake kubwa ni harufu iliyopita mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ni matundu ya pua. Milango yote miwili inafika chumba kimoja, chenye vipokezi vya harufu vya aina kama 400.

Kwa hiyo asiyekunywa amefunga mlango wa nyuma kwa hiari yake, na wa mbele umebaki wazi. Hasara ipo, nitakuja kuisema. Lakini ukimtazama mtaalamu yeyote kazini utaona anakaa na gilasi puani muda mrefu kuliko anavyokaa nayo mdomoni.

Sasa, kwa nini wewe unasikia siki na pombe tu? Nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ni namna unavyonusa. Wanaoanza huingiza pua yote kwenye gilasi na kuvuta pumzi ndefu, na kitu cha kwanza kupanda ni mvuke wa kileo, unaochoma na kufunika vyengine. Tena mvinyo ukiwa na joto la hewa yetu, mvuke huo unazidi. Jaza gilasi theluthi tu. Nusa kwanza bila kuitikisa, pua ikiwa juu kidogo ya ukingo, pumzi fupi mbili tatu kama paka anavyonusa samaki. Kisha izungushe mvinyo upande ukutani mwa gilasi, unuse tena. Pumzika. Pua huchoka upesi, ndiyo maana ukikaa na ubani chumbani baada ya muda huusikii. Ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe au toka nje dakika mbili. Na siku za kazi, tafadhali, udi na marashi uviache nyumbani. Najua ni kitu kikubwa kumwambia mwanamke wa Kizanzibari aende kazini bila kujifukiza, lakini aliyejitia udi hanusi kitu ila udi, na mgeni naye vilevile.

Sababu ya pili ni majina. Pua inasikia, lakini huna neno la kulifungia ulilosikia, basi linakuponyoka. Sisi Waswahili tunasema kusikia harufu, na kusikia kunataka lugha. Ukiwa huijui lugha, maneno yote yanakuwa kelele. Hiyo kelele ndiyo unayoiita siki na pombe.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu umekulia Wete na hujui umebeba nini. Hakuna mtu aliyetia vanila wala pilipili manga kwenye chupa zile. Wengi wa wanafunzi wangu hudhani hivyo, na hakuna aliyewahi kuwaeleza. Kinachotokea ni kwamba maumbile hutumia molekuli zilezile mahali pengi. Mvinyo mwingi mwekundu, na baadhi ya mweupe, hukaa miezi kadhaa ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni, na mbao hizo huchomwa kwa moto wakati wa kuunda pipa. Mbao iliyochomwa hutoa vanilini, ambayo ndiyo roho ya vanila. Hutoa pia eujenoli. Na eujenoli ni nini? Ni karafuu. Yale mafuta yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pale Wawi kwenu Pemba, sehemu yake kubwa ni eujenoli. Mtu aliyezaliwa mji wa baridi huko Ulaya anaijua karafuu kwa kupitia keki ya sikukuu mara moja kwa mwaka. Wewe umelala juu yake. Umeisikia mbichi mtini, umeisikia usiku mnachambua, umeisikia imeanikwa juani, umeisikia ikifungwa kwenye magunia. Unaweza kutofautisha karafuu na makonyo macho yamefungwa. Huo ni ujuzi ambao wengine huulipia.

Endelea hivyo na menyu yako. Pilipili manga kwenye mvinyo wa zabibu aina ya Syrah ni kitu kiitwacho rotandoni, na wataalamu wa Australia walionesha mwaka 2008 kwamba ni kilekile kilichomo kwenye pilipili manga yenyewe. Waligundua pia kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano hakisikii hata kikizidishwa, kwa hiyo ukiikosa harufu hii usijilaumu, huenda pua yako imeumbwa hivyo. Zabibu za Muscat zina harufu iitwayo linalooli, iliyomo pia kwenye mlangilangi na giligilani. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe, inanukia pesheni na pera, na pembeni pilipili boga mbichi. Mweupe mzito unaonukia siagi umepitia bakteria wanaogeuza asidi kali ya tunda kuwa asidi ya maziwa, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Na siku moja mgeni atasifu Riesling ya zamani, nao ni mvinyo mweupe, kwamba inanukia mafuta ya taa, nawe utadhani ametukana. Hakutukana. Ni kitu kinachojitengeneza zabibu zikipigwa na jua sana na chupa ikizeeka, na wapo wanaokitafuta kwa bei.

Menyu yako ikisema ngozi au sigara, hapo usihangaike. Ni harufu za uzee, mvinyo ukikaa miaka chupani. Hoteli nyingi za pwani hazina chupa za namna hiyo, na anayeandika menyu mara nyingi amenakili karatasi ya muuzaji.

Kuna maneno matatu yanayowachanganya karibu wahudumu wote, na Kiswahili kimetupa kila moja jina lake safi, kwa hiyo tusiyavuruge. Uchachu ni wa ukwaju na ndimu, na dalili yake ni mate kububujika mashavuni. Uchungu ni wa mwarobaini. Ukakasi si ladha, ni mguso: ni kile kinachokukausha ulimi na ufizi ukila zambarau, bibo la mkorosho au ndizi mbichi. Mvinyo mwekundu una ukakasi kwa sababu ya tanini, zinazotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na kwenye mbao za pipa. Tanini hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi, mdomo ukakwaruza. Ndizo zilizomo kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa birikani, na ndizo zilizofanya maganda ya mikoko yatumike kulainishia ngozi. Halafu wageni wana neno lao lenye maana ya "mkavu", nalo halihusu ukakasi kabisa. Mvinyo mkavu ni usiobaki na sukari, basi. Mgeni akiomba mkavu, haombi wa kumkausha mdomo. Nimeona chupa zikirudishwa kwa kosa hili moja kuliko makosa yote mengine.

Haya yote unaweza kujifunza jikoni bila tone la kileo. Fanya maji ya ukwaju vikombe vitatu, chepesi, cha kati na kizito, uonje ukiangalia mate yanavyokuja. Na jua kwamba asidi kubwa ya ukwaju ndiyo hiyohiyo asidi kubwa ya zabibu, tartariki, kwa hiyo hapo unajifunza kitu chenyewe. Kisha tia sukari kijiko kimoja kimoja kwenye kile kizito. Uchachu hauondoki, unafunikwa. Ukielewa hilo umeelewa kwa nini mvinyo mtamu wenye asidi nzuri hauchoshi, na mtamu usio na asidi unakinaisha kama sharubati iliyozidi. Chemsha majani ya chai, utoe kikombe baada ya dakika mbili, chengine baada ya tano, cha mwisho baada ya robo saa, vyote bila sukari. Hapo umepata ngazi ya ukakasi, kuanzia mwekundu mwepesi mpaka ule mzito unaonywewa na nyama.

Kwa pua, nenda soko la Darajani ununue karafuu, mdalasini, iliki, kungumanga, pilipili manga, giligilani, na kijiti cha vanila ukikimudu. Tia vichupa vidogo, ongeza ndimu, kipande cha embe, kahawa iliyosagwa, majani mabichi yaliyopondwa. Mwenzako akupe kimoja kimoja umefumba macho. Kufumba macho si mchezo. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lao: waliwapa wanafunzi wa fani hii mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yana nguvu hivyo. Fanya dakika kumi kila siku kwa mwezi mmoja, kisha rudi kwenye gilasi uone kama bado utasikia siki na pombe tu.

Nilisema hasara ipo. Pua haitokwambia uchachu una ukali gani wala ukakasi una kiasi gani, na haitokwambia uzito wa mvinyo mdomoni, kama ni maji au ni tui. Sehemu ya hayo utayapata kwenye lebo ukijua kuisoma. Kileo cha asilimia 14 au 15 kwa kawaida huashiria mvinyo mzito, 11 huashiria mwepesi. Aina ya zabibu na nchi ya baridi au ya joto vitakwambia mengine. Yaliyobaki uyachukue kwa mwenzako anayeonja, uandike kwenye daftari lako chupa kwa chupa. Na mgeni akikuuliza kama wewe mwenyewe unaupenda, mwambie kweli: mimi sinywi, lakini naijua harufu yake, na wenzangu wanasema mdomoni uko hivi. Sijaona mgeni aliyekasirika kwa jibu hilo. Nimewaona wakivuta kiti wasikilize.

Jifunze vizuri chupa chache kuliko kugusagusa zote. Hapa kwetu mvinyo mwingi unatoka Afrika Kusini, basi anza na Chenin Blanc, iliyopandwa kuliko zabibu zote kule, na Pinotage, mtoto wa Pinot Noir na Cinsault aliyezalishwa kule mwaka 1925. Usiisahau Dodoma. Wageni huuliza sana kama nchi hii ina mvinyo wake, na nimesikia wahudumu wakijibu hakuna. Upo. Zabibu zinalimwa Dodoma, ile nyekundu ya Makutupora na Chenin Blanc pia, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mtu wa Ulaya ukimwambia mavuno mawili, anaweka uma chini.

Twende kwenye chupa iliyorudishwa. Ile funda ndogo tunayommiminia mgeni kwanza, wengi wanadhani ni ya kumuuliza kama ameupenda. Ni ya kuangalia kama chupa ni nzima. Na ubovu unajulikana kwa pua, kwa hiyo wewe unaweza kuujua sawasawa na anayekunywa. Unazijua karafuu zilizokaa lundo na mvua ikanyesha kabla hazijaanikwa: zinapauka, zinakunjamana, harufu inapooza na kuwa na uchachu wa kuvunda. Hakuna aliyekufundisha kwa kitabu. Mvinyo nao una magonjwa yake machache. Ukinusa ukasikia boksi lililolowa au kitambaa kilichowekwa kabatini kibichi, na tunda lote limepotea, hiyo ni dosari ya kizibo. Vimelea vya ukungu hutengeneza kemikali kwenye gome linalotengenezwa kizibo, na nanogramu chache tu kwa lita nzima zinatosha kuuharibu. Haimdhuru mtu, ila raha imekwisha. Ukisikia siki ya wazi, au gundi ya kucha, hewa na bakteria wameingia. Ukisikia tofaa lililobonyea na mweupe umegeuka hudhurungi, umeachwa wazi siku nyingi. Ukisikia jamu iliyoungua na kizibo kimenyanyuka, chupa imepikwa na joto, pengine ilikaa juani bandarini au stoo isiyo na kipoza hewa. Ugonjwa huo wa mwisho ndio wetu sisi watu wa pwani, na unazuilika kwa kulaza chupa mahali penye ubaridi na giza.

Mgeni akirudisha, usibishane wala usiombe radhi mara kumi. Sema, niruhusu niinuse. Inuse. Mwite msimamizi, mletee chupa nyengine, na ile ya kwanza ifungwe iwekwe kando kwa ajili ya muuzaji. Ikiwa unaona ni nzima na mgeni hakuipenda tu, hilo ni la msimamizi kuamua, si mzigo wako.

Na yule aliyesema mwekundu una moto alikuwa na haki. Waliokufundisha walikariri sheria ya nchi nyengine. "Joto la chumba" ni la chumba cha Ulaya ya zamani, nyumba ya mawe isiyo na mitambo ya kupasha joto, nyuzi 16 au 18. Chumba chetu wakati wa Kaskazi kina nyuzi 30. Mvinyo mwekundu kwa joto hilo unatoa kileo tu, tunda linazama. Utumie kwenye nyuzi 15 hadi 18, mweupe 8 hadi 12, wenye povu 6 hadi 8. Chupa nyekundu iliyotoka stoo ya kawaida itie friji kama saa nzima, au ndani ya ndoo yenye barafu na maji kama dakika kumi. Maji ni lazima yawemo, barafu tupu huigusa chupa sehemu chache tu. Mpelekee meneja habari hii, uijaribu mbele yake na chupa mbili za aina moja. Gilasi mbili zitasema kuliko mimi.

Sasa kutema. Nilikuwa naliogopa swali hili, kwa hiyo nitalijibu polepole. Kikazi, kutema ni heshima. Wataalamu wote hutema, vyumba vya kuonjea vina makopo yake, na anayemeza siku ya kazi ndiye anayeonekana mgeni wa fani. Lakini mwenzako aliyekwambia kutema si kunywa amekufungia kesi isiyo yake. Kwanza, kiasi kidogo hupita kwenye ngozi ya mdomo na kingine hushuka na mate, kwa hiyo si sifuri. Pili, mambo ya dini hayapimwi kwa kiasi kilichofika tumboni peke yake. Wanazuoni wengi wanazungumzia hata kuubeba na kumwandalia mwengine, si kunywa tu. Mimi si wa kukwambia hilo linakuhusu vipi, na mwenzako wa mkahawani pia si wa kukwambia. Mwone sheikh unayemwamini, ana kwa ana, umweleze kazi yako ilivyo hasa: nani anafungua chupa, nani anamimina, una njia gani nyengine ya riziki, nani anakutegemea. Usimpelekee swali la juu juu, maana utarudi na jibu la juu juu. Usidanganyike pia na chupa zilizoandikwa hazina kileo, nyingi hubakiwa na kidogo, hadi nusu asilimia. Ziulizie nazo.

Na jibu lake likiwa zito kwako, kuna njia kabla ya kuacha kazi. Omba mgawane meza, wewe uchukue chakula na mwenzako amimine. Omba ukabidhiwe chai za viungo, kahawa na sharubati. Nasema hili kwa dhati kabisa: ufundi wote niliokueleza, uchachu, ukakasi, kufunika kwa sukari, majina ya harufu, unafanya kazi vilevile kwenye maji ya ukwaju na chai ya mdalasini, na hoteli nyingi zinawapa wageni wasiokunywa soda tu wakati viungo vimejaa sokoni. Ukibaki kwenye mvinyo, kuna mitihani ya kimataifa. WSET, taasisi ya London ya mafunzo ya mvinyo iliyoanzishwa mwaka 1969, inatahini ngazi mbili za mwanzo kwa maswali ya kuchagua jibu. Kuonja kunatahiniwa kuanzia ngazi ya tatu. Meneja akikutaka usome, mwulize kama hoteli italipa.

La mwisho ndilo ninalotaka ulifanye kabla ya mengine yote. Miezi minne bila harufu kamili baada ya mafua makali si jambo la kungojea lipite. Mara nyingi kirusi huumiza neva za harufu na hurudi taratibu, lakini inaweza kuwa pia ni nyama zilizoota puani au uvimbe wa mashimo ya uso, na hayo yana tiba yake. Mwone daktari wa masikio, pua na koo, anza hospitali ya Mnazi Mmoja kama huna kwengine. Usikawie ikiwa tundu moja tu limeziba, ikiwa unatoka damu, au kichwa kinauma upande mmoja. Usijitie matone ya kuzibua pua ya dukani kwa wiki nyingi, yanazidisha kuziba. Ukisikia kitu kizuri kinakunukia kama kinachoungua, mwambie daktari, inatokea neva zikiwa zinapona. Na nyumbani uwe na mtu wa kukunusia gesi na chakula kilicholala mpaka utakapopona.

Mazoezi yapo. Daktari Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha mwaka 2009 namna ya kuifundisha pua upya: kunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Harufu zenyewe ni waridi, limau, mkalitusi na karafuu. Si wote wanaopona, ila waliofanya walikuwa bora kuliko wasiofanya. Kila chupa inuse kama sekunde kumi, ukikumbuka kwa makusudi ulipoijua harufu ile. Kwa karafuu, rudi Wete kwa fikra, kwenye jamvi lililoanikwa, na mikono yenu ilivyokuwa inanukia usiku. Mwulize daktari kama hakuna pingamizi, kisha uanze. Hivi vichupa vya Darajani nilivyokutajia usivijaribu kwa kujipima mpaka umemwona, usije ukajihukumu pua mbovu wakati ni pua inayougua.

Nijulishe atakachosema. Na ukienda nyumbani kwa sikukuu, niletee fumba dogo la makonyo ya mwaka huu. Ya kwangu ya darasani yamekwisha harufu.